Ndoo ya Nepi Juu ya Meza ya Kompyuta

Ndugu zangu, Bwana apewe kwanza sifa zake, ndipo mimi nipewe masikio yenu. Naitwa Mama Kadzo. Wengi wenu mwanijua kwa sauti kabla ya sura, maana nikikasirika Makadara nzima husikia. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonishika mkono, na nasema mkono huu huu wa kulia, uliokuwa umeshika ndoo.

Siku hiyo niliingia duka la kompyuta, mtoto mgongoni, nikaipandisha ndoo ya nepi chafu juu ya meza, kando ya mashine. Nikafungua kifuniko. Watu waliokuwa wakingoja zamu ya kuandika barua pepe waliinuka wakatoka bila kuagana. Mwenye duka, ambaye sote twamwita Fundi, akaziba pua akaniambia, "Mama Kadzo, hebu tuongee kama watu wazima." Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilikuwa nimeongea kama mtu mzima tangu asubuhi.

Ili mnielewe, nirudi nyuma.

Mimi nilimaliza kidato cha nne na cheti changu kiko sandukuni, hakijanipatia kazi yoyote. Mume wangu ni kibarua bandarini, leo aitwa, kesho haitwi. Nilipojifungua Kadzo, mamangu alikuwa mgonjwa kwetu Kaloleni na hakuweza kuja. Nilifua nepi mwenyewe, mgongo ukiniuma, homa ikinipanda na kushuka. Nikawaza kwamba kama mimi napata taabu hii, wako wengine. Kadzo alipoanza kukaa, nikaanza kufulia wazazi wengine waliojifungua. Asubuhi nachukua nepi chafu mlangoni kwa ndoo yenye kifuniko. Nazichemsha kwa debe, nazisugua kwa sabuni ya mche, nazisuuza kwa maji ya mkokoteni mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, naanika juani, napiga pasi mbele na nyuma. Basi. Kazi haina ajabu, lakini ilitulisha sisi watatu, na hatukuwa na kazi nyingine.

Wateja wangu wengi walikuwa Mji wa Kale. Mwajua desturi ya huko. Mzazi hatoki nje mpaka atimize arubaini, na mtoto haonyeshwi watu wa kupita njia mpaka siku hizo ziishe, asije akatolewa jicho. Mimi niliyekuwa nikibisha mlangoni kila siku, nilizijua nepi za mtoto kuliko uso wake. Bi Zuhura, bibi mmoja mwenye nyumba karibu na sokoni, aliniambia siku ya kwanza, "Nepi za mjukuu wangu zisilale nje, mwanangu. Jua likishuka, zianue." Mimi ni Mkristo, tena Mgiriama, lakini nilizianua. Za nyumba yake na za nyumba zote. Mtoto ni wao, na neno langu nilikuwa nimeshalitoa.

Sasa, habari ya kompyuta. Fundi alipofungua duka lake, watu walipanga foleni kuwaandikia jamaa zao walioko nje. Siku moja akaniita. "Wateja wako si hawa wa hapa," akasema. "Wateja wako ni dada zao walioko Muscat na London. Wana hamu ya kumtunza mzazi aliye nyumbani, na hawajui watume nini." Haki yake nampa, lilikuwa shauri zuri. Akanitengenezea ukurasa kwenye intaneti, na maneno niliyaandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu: Ndugu yako amejifungua Mombasa, nawe uko mbali? Mama Kadzo atamfulia nepi mpaka atoke arubaini. Zinachemshwa, zinaanikwa juani, zinapigwa pasi, na hazilali nje.

Ndugu zangu, barua zilikuja. Sikuamini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Fundi nikisoma barua ya mtu nisiyemjua, aliyeko nchi nisiyoijua, akiniomba nimtunzie nduguye. Mmoja kutoka Muscat aliandika hivi: "Niliposoma kwamba nepi hazilali nje, nilijua kwamba wewe wakujua kwetu." Alikuwa ni binti wa Bi Zuhura. Alitaka nimfulie wifi yake Swafia, mke wa kakake Athman, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume. Basi nikawa narudi mlango ule ule wa Bi Zuhura, safari hii kwa mjukuu mpya, na kwa heshima ya kutumwa kutoka ng'ambo. Nilimshukuru Mungu barabarani, kwa sauti, watu wakinitazama.

Kisha ikaja asubuhi moja. Nilipobisha, Bi Zuhura alifungua nusu ya mlango. Hakusema karibu. Ndoo ya nepi aliisukuma nje kwa mguu.

"Mama Kadzo, mimi nilikupa mlango wangu. Nawe ukampiga mtoto picha."

"Picha gani, bibi?"

"Mwanangu wa Muscat amepiga simu. Amemwona mjukuu wangu kwenye tangazo lako la nepi. Mtoto hajatoka arubaini, walimwengu wote wameshamtolea macho. Na tangu jana ana homa. Chukua hizo, kazitupe, usirudi."

Nilibaki nikiutazama mlango. Uchochoro ule ni mwembamba, neno likisemwa nyumba hii laingia ile ya pili bila kubisha. Niliposhuka mlango uliofuata, sauti ikaniambia dirishani, "Leo hatuna nepi, mama." Nyumba ile ina mapacha. Mlango wa tatu hawakunijibu kabisa. Kabla jua halijawa kali, kazi yangu yote ya Mji wa Kale ilikuwa imekwisha, na mimi sina picha, sina kamera, na mtoto mwenyewe sijapata kumwona.

Nilikwenda kwa Fundi. Wala hakuficha. Athman alikuwa amempelekea picha ya mtoto amtumie dadake peke yake, na alimwambia asimwonyeshe mtu. Fundi aliipenda, akaibakisha, akaitia kwenye tangazo langu. "Tangazo lako lilikuwa maneno matupu," akaniambia. "Nimelipamba bure, nawe wanijia juu?" Nikamweleza habari ya arubaini. Yeye ni mtu wa bara, nikasema labda hajui. Akacheka. "Mama Kadzo, umesoma wewe. Picha haimpi mtu homa."

Nikamwomba aiondoe. Akasema nirudi adhuhuri. Nikarudi adhuhuri, akasema laini ya simu haishiki. Nikarudi alasiri, na safari hiyo ndiyo niliyorudi na ndoo.

Sasa mwajua ilivyofika mezani. Alipotaja watu wazima, niliinua ndoo niimwage yote juu ya mashine yake, juu ya vitufe vyake na mapajani mwake. Nilikuwa nimekusudia. Nisiwadanganye ndugu zangu, nilikuwa nimeanza hata kufurahi.

Lakini alikuwa ameufungua ule ukurasa ili anionyeshe ulivyo mzuri. Mwazijua mashine zile, picha huteremka polepole kutoka juu. Kikatokea kitambaa cheupe. Kikatokea kipaji cha uso, na doa la wanja alilotiwa na nyanyake kumkinga na jicho. Kisha macho. Mtoto alikuwa akinitazama. Ndiyo mara ya kwanza kumwona, na nilikuwa nimeziinua nepi zake mwenyewe nimmwagie usoni.

Kadzo alinishika shingo kutoka mgongoni. Mimi huwa naomba maombi marefu, mwanijua. Siku ile nilisema maneno matatu tu, "Yesu, nishike mkono." Na mkono ukashikwa. Niliishusha ndoo, nikaifunga kifuniko, nikaitua sakafuni. Fundi alidhani nimemwogopa. Na adhani.

Hasira haikuniondoka. Wako wanaotoa ushuhuda kwamba hasira ilitoka ikaenda zake kama moshi. Yangu ilitoka nami dukani, ikanifuata mpaka nyumbani. Lakini mkono haukuwa wa hasira tena. Nilifika nyumbani nikatia debe motoni, nikazifua nepi zile za mtoto, ingawa hakuna aliyenituma. Jua lilikuwa limeshuka, kwa hiyo sikuzianika. Nilizikausha kwa pasi, moja moja, huku naomba. Mume wangu akaniuliza, "Hao si wamekufukuza?" Nikamwambia, "Mtoto hakunifukuza."

Kesho yake nilibisha kwa Bi Zuhura. Nikasema pale pale mlangoni, "Bi Zuhura, sikuja kuomba kazi. Nimeleta nepi za mtoto, na nimeleta habari ya picha." Akafungua. Nikamweleza yote, bila kuongeza. Athman alikuwa amesimama ukumbini nyuma ya mamake, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kutazama chini. Mwishowe akasema, "Mama, ile picha niliipeleka mimi, na dada alinifichia."

"Wewe?" akasema Bi Zuhura. "Wewe, Athman? Na mimi nimemtukana mtoto wa watu mlangoni, mtaa mzima ukisikia?"

Sauti ikatoka chumbani, ya Swafia, mwenye mtoto. "Tukaneni baadaye. Picha bado iko huko? Itolewe."

Bi Zuhura akacheka, nami nikacheka, na Athman akavaa viatu vyake akaenda dukani mbio. Homa ya mtoto ilikuwa imeshapoa, Mungu ni mwema. Lakini Fundi alimjibu Athman kama alivyonijibu mimi. Kwamba yeye ana leseni ya baraza la mji, kwamba tangazo lavuta watu, na kama tuna neno twende tukashtaki.

Basi, tukaenda.

Ndugu zangu, najua yaliyosemwa hapa kanisani juma hili. Dada mmoja aliniambia, "Hao wana mambo yao ya kijicho, wewe Mkristo waingiliaje?" Dada, mimi sikuitwa kupima imani ya mtu. Niliandika kwamba nepi hazilali nje, na mtu wa mbali akaniamini kwa neno hilo. Nikinyamaza uso wa mtoto ulale nje huko, neno langu ni la nini? Na mzee mmoja, namheshimu, alinishauri nisamehe niyaache. Nimesamehe. Kisha nimeshtaki. Sijaona mahali Bwana aliponikataza la pili.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye mkono wangu mwenyewe. Ningeimwaga ndoo ile, leo ningekuwa naitwa mwendawazimu wa nepi, Fundi angekuwa ndiye aliyeonewa, na mtoto angebaki pale pale kwenye kioo. Kama uko hapa na mkono wako umeinuka juu ya mtu, mume, jirani, mwajiri, mwite Bwana kabla hujaushusha. Usingoje maombi marefu. Maneno matatu yalinitosha. Mtegemee, atakuja hata duka la kompyuta.

Ijumaa Bi Zuhura alivaa buibui lake, tukaenda naye kwa miguu mpaka ofisi ya leseni. Karani aliisoma barua mara mbili, akamtazama bibi, akanitazama mimi na Kadzo mgongoni, akagonga muhuri. Jibu twalingoja, nanyi tuombeeni. Nawasomea barua yenyewe kama ilivyo, kisha niketi.

"Kwa Ofisa wa Leseni. Malalamiko juu ya duka la kompyuta, Makadara. Mimi ni mfuaji wa nepi. Mwenye duka hili alitengeneza tangazo la kazi yangu kwenye intaneti. Alitia humo picha ya mtoto mchanga, aliyokabidhiwa na baba wa mtoto amtumie mtu mmoja tu. Hakumuuliza baba, hakumuuliza mama, hakuniuliza mimi. Mtoto huyu hajatimiza arubaini na kwao haonyeshwi. Tumemwomba kwa upole aiondoe, amekataa. Twaomba aamriwe kuiondoa kabla mtoto hajatoka arubaini, asiitumie tena, na aende kwa miguu yake nyumbani kwa mtoto akaombe radhi. Kwa ajili yangu mimi sidai kitu. Nilikusudia kumwagia mashine zake ndoo ya nepi, sikufanya, na sitafanya. Ni mimi, Mama Kadzo.

"Nami ni Zuhura, nyanya wa mtoto, nimesema na Mama Kadzo ameniandikia. Yote hapo juu ni kweli. Mwanamke huyu nilimfukuza kwa kosa lisilo lake, na majirani waliosikia nikimfukuza nimewaita wasikie na haya. Ndiye mfuaji wetu. Nepi za mjukuu wangu ziko juani kwake hivi sasa, na hazitalala nje."