Stoo Yapumua: Mama Koili Aaga Karakana ya Pampu

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi uliotukuka, fundi mkuu wa umeme wa kituo chetu cha kusukuma maji anastaafu rasmi. Jina lake kamili limewekwa kwenye jalada la kijitabu hiki kwa faida ya wageni. Sisi wengine tunamjua kwa jina la Mama Koili, na mhasibu wetu amekiri juzi kwamba siku zote alidhani ndilo alilopewa na wazazi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu huu, eti kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu. Ukweli ni kwamba vifaa vyangu ndivyo vilivyofanya naye kazi muda mrefu zaidi.

Aliajiriwa kutunza mota za pampu na, tusimnyime haki yake, mota alizitunza. Ikiungua moja, aliisuka upya kwa waya wa shaba na maji yakaendelea kupanda mlimani. Ila kila mota iliyosukwa ilibakiza kipande cha waya, na kipande hicho, ambacho kwa utaratibu hurudishwa stoo, kilipotea njia kila mara. Mama Koili ni mpenzi wa redio za ridhaa, yaani zile redio za kupokea na kurusha ambazo mtu mwenye leseni huzitumia kuongea na wenzake wa mbali kwa raha zake tu, bila mshahara na bila tangazo la sabuni. Wengine huzinunua dukani. Yeye alizijenga karakanani, pembeni ya meza ambayo idara ilidhani ni ya mota.

Wageni waalikwa wanaombwa wasitarajie kuona vitu vya kung'aa. Redio yake ya kwanza ilikaa ndani ya bati la biskuti. Koili, yale mazungusho ya waya wa shaba yaliyompa jina, alizizungushia kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, na kwa kuwa alihitaji vichupa vingi, kituo kizima kilikohoa mwaka ule. Vitufe vya kuzungusha vilitoka kwenye jiko la umeme la jikoni, ndiyo maana mpaka leo wapishi wetu wanawasha jiko kwa koleo. Waya wa antena ulitoka paa la karakana hadi juu ya tangi la maji. Mkaguzi mmoja alipouliza waya ule ni wa nini, alijibiwa kwa heshima kubwa kwamba ni wa usalama, akaandika hivyo, akanywa chai yake, akaondoka.

Kila redio mpya ilijaribiwa kwanza kwa balbu. Badala ya kuunga antena, aliunga balbu ya taa ndogo, akaongea kwenye kipaza sauti, na balbu ikawaka kwa nguvu ya sauti yake. Akinong'ona, inafifia, akipaza, inang'aa. Hilo lilikuwa onyesho pendwa la mapumziko ya chai. Mhasibu wetu alipopewa nafasi aliipigia kelele mpaka balbu ikaungua, akaomba radhi, na kesho yake mimi nikaombwa balbu nyingine kwa ajili ya "taa ya ukaguzi". Niliitoa. Siku hizo nilikuwa bado nawaamini watu.

Mafanikio yake hayaishii hapo. Kwenye mkutano mkuu wa wafanyakazi, Meneja alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza kwa nini nyongeza isingewezekana mwaka ule pia, pale vipaza sauti vya ukumbini vilipokohoa na sauti ya Mama Koili ikajaa ukumbi mzima. Yeye alikuwa karakanani anaongea na rafiki yake wa hewani, hana habari. Alisema anampata vizuri, ila maneno yake yanakuja na takataka nyingi. Ukumbi ulipiga makofi kwa muda ambao Meneja hajawahi kupigiwa tena. Tangu siku hiyo kila mkutano ulitanguliwa na mtu wa kwenda kuhakikisha karakana imefungwa.

Lakini mtu aliyeongea naye kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani anayeishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Leseni walizipata pamoja, na dada mtu mwenyewe alikuwa akisema kwamba koili za mdogo wake zimenyooka kuliko zake. Alimjengea redio, akaibeba mapajani mpaka kwake, na tangu hapo kila Jumamosi kazi ikiisha, karakana iligeuka sebule yao. Sisi tuliokuwa tukisubiri gari la wafanyakazi tulijua vitambaa vimepanda bei, nani kachumbiwa na nani kajuta. Redio hizi si kama simu. Akiongea mmoja, mwingine hunyamaza mpaka aachiwe nafasi, na Mama Koili hakuwa mwepesi wa kuachia.

Mwaka mmoja redio ya mdogo mtu iliharibika nusu: inapokea, hairushi. Mama Koili, ambaye kwake hilo halikuwa tatizo hata kidogo, alikaa Jumamosi tatu akimwelekeza hewani jinsi ya kuitengeneza, kipande kwa kipande, bila kujibiwa neno. Jumamosi ya nne mdogo mtu alirudi hewani akiwa na majibu ya wiki tatu, akayatoa yote kwa pumzi moja. Tulikosa gari siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mama yao akaugua. Mdogo mtu alimchukua kwake, akamuuguza miaka miwili, cherehani upande huu na kitanda cha mgonjwa upande ule. Mama Koili naye alishiriki kikamilifu, yaani kila Jumamosi alitoa maelekezo. Mgeuze ubavu huu. Dawa ile kabla ya chakula. Godoro lile halifai. Kwenda mwenyewe alikwenda mara mbili, maana pampu hazikumwachia, au ndivyo alivyosema. Siku ya mazishi alifika na mbele ya watu akauliza kwa nini mama alilazwa kwenye chumba kisichopata hewa. Mdogo wake alimtazama, akasema:

"Mimi nimemuuguza mama. Wewe umemuuguza kwa redio."

Hili sikulipata kwa umbea. Mama Koili alinieleza mwenyewe, kaja stoo kuchukua waya, akasimama pale dirishani kwangu, wala hakuongeza neno la kujitetea. Kwa mtu ninayemjua mimi, hilo lilinitisha kuliko habari yenyewe.

Jumamosi iliyofuata aliita hewani, kimya. Simu alipiga, haikupokelewa. Alikwenda mpaka nyumbani, akaambiwa mwenye nyumba kasafiri, na huku viatu vya mwenye nyumba viko mlangoni. Mtu mwingine angetuma wazee, au angesema samahani, neno fupi tu, halihitaji hata umeme. Mama Koili, kwa busara zake za kitaalamu, aliamua kwamba redio ya mdogo wake imeharibika tena.

Basi ikawa kila Jumamosi, mwaka mzima na zaidi, anakaa mbele ya bati lake na kuielekeza redio ambayo haina ugonjwa. Sote tulijua haina ugonjwa. Meneja alijua. Mlinzi wa getini alijua, akathubutu kumwambia kwamba labda mdogo wake kakasirika tu, akajibiwa kwamba dalili zote ni za kapasita, kile kijidude kinachotunza umeme ndani ya redio. Tulikaa kwenye benchi la nje tukijifanya tunasubiri gari, na kupitia dirishani tulimsikia akisema achukue bisibisi ndogo, alegeze skrubu nne za nyuma, asivute kifuniko kwa nguvu. Kisha, bila kubadili sauti: "Mama alikuwa anapenda kulala akisikia cherehani yako, aliniambia mwenyewe. Sasa angalia ule muungo wa kushoto, kama risasi ya kuungia nyaya imepasuka iyeyushe upya." Akimaliza alisema anasikiliza. Alisikiliza mvumo ule wa hewani mpaka dereva akapiga honi. Sijui watu wengine walikuwa wanaangalia wapi wakati huo. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kustaafu kulipokaribia, jambo hili lilitukalia vibaya. Nyumba ya idara anaiacha. Anahamia chumba kwenye ghorofa ambayo mwenye nyumba wake haruhusu hata kamba ya kuanikia nguo, sembuse waya wa kufika mbinguni. Bila antena ya tangini hakuna redio, na bila redio hakuna njia nyingine ambayo mdogo wake hajaifunga. Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kwa bahati ya ajabu, siku hiyo kila mtu alikuwa na shughuli karakanani. Mhasibu alikuja kuhesabu viti. Mlinzi aliacha geti likijilinda lenyewe. Meneja alikuja kukagua mtungi wa kuzimia moto, ambao hajawahi kuutazama tangu aajiriwe, akaukagua mbele na nyuma kwa muda mrefu sana. Mama Koili hakumsemesha mtu. Alivaa miwani, akaita, akaanza maelekezo yake kama kawaida.

Safari hii alifika kwenye relei. Kwa wasiojua, hicho ni kidude kinachobadilisha redio kutoka kupokea kwenda kurusha, na kikifanya kazi hulia tak. Akasema afungue, aisafishe relei kwa kipande cha karatasi, asikilize kama inalia. Akarudia. Akaeleza ilipo, rangi ya nyaya zake, na jinsi ya kuishika isivunjike. Akasema anasikiliza.

Mvumo. Kisha mvumo ukakatika, ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa, kama yuko chumba cha pili.

"Relei ipi hiyo, dada? Si uliing'oa mwenyewe ukaweka swichi ya taa!"

Ndivyo nilivyojua ilikokwenda swichi yangu ya taa, lakini huo haukuwa wakati wake. Sauti iliendelea. Alisema amevumilia mengi mwaka huu, ameambiwa akague kapasita nzima, miungo mizima, amenyamaza. Lakini kufundishwa kusafisha kitu ambacho hakimo, hapo hapana. Kisha ikauliza, taratibu:

"Unakuja lini?"

Mama Koili alijibu. Alijibu kwa kirefu, machozi yanamtoka, alisema alikosea, alisema alipaswa kuwepo, alisema chumba kile kilikuwa kizuri na hewa ilikuwa ya kutosha. Alisema yote yaliyokuwa yamekwama mwaka mzima. Na fundi huyu wa miaka thelathini na miwili, mwenye leseni, mjenzi wa redio ambazo hatuna hata idadi yake, alisema yote hayo bila kubonyeza kitufe cha kipaza sauti. Hakuna hata neno moja lililotoka nje ya karakana. Mdogo wake aliita tena, safari hii kwa wasiwasi, akiuliza kama dada bado yupo. Nilisogea nikambonyezea mimi. Akanitazama, akaitazama redio, na kati ya yote yale akabaki na neno moja.

"Nakuja."

Nimemuuliza baadaye, kwa heshima zote, inawezekanaje mtu asahau kilichomo ndani ya redio aliyoijenga kwa mikono yake. Kasema uzee. Huyu ndiye anayekumbuka kila skrubu aliyochukua stoo kwangu na rafu ilipokuwa. Nimeamua kumwamini, kwa kuwa anastaafu.

Mama Koili, kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi na stoo, tunakushukuru. Maji hayajawahi kukatika kwa uzembe wako hata siku moja, na hilo naliandika bila kejeli, nikiwa natambua kwamba hutaamini. Tutakukumbuka. Mimi nitakukumbuka kila nikihesabu waya na kukuta umetimia, na sitafurahi kama nilivyodhani.

Kamati ilikuwa imepanga kukuzawadia saa ya ukutani, kama wastaafu wote. Baada ya Jumamosi hiyo tumebadili mawazo. Bahasha utakayokabidhiwa na Meneja ina tiketi ya basi, kiti cha dirishani, asubuhi ya siku inayofuata kustaafu kwako. Ni ya kwenda tu. Ya kurudi mtaamua ninyi wawili huko huko. Tunakutakia safari njema, afya njema, na maisha marefu ya kukaa chumba kimoja na mdogo wako.