Bendera Nyuma ya Mama

RAUDHA: Usinikatie tena, Khalfani! Haloo? Haloo!

KHALFANI: Mie nakusikia, sista. Punguza makelele.

RAUDHA: Nipunguze? Mama yako kakalishwa mchangani na ndoo yake ya kombe kama mwizi, we uko nyumbani unafanya nini?

KHALFANI: Nabadilisha suruali, imelowa. Narudi doria.

RAUDHA: Wenzako wa doria wanasema kavuka bendera, kaokota upande uliofungwa ili kombe zizaane. Wanamnyang'anya kadi ya kuokotea, mazima! Pwani ndio basi tena.

KHALFANI: Si kavuka?

RAUDHA: Hajavu— [mtandao unakwaruza] —wakati anaingia, bendera zilikuwa bado kule mbali, mbele ya jiwe! We si uliambiwa tangu jana uzirudishe huku nyuma?

KHALFANI: Nimezirudisha.

RAUDHA: Saa ngapi?

KHALFANI: Aa, maswali ya kipolisi hayo.

RAUDHA: Ulilala! Umesikia pikipiki ya mkuu wako inakuja, ndio ukakimbia kuzichomeka. Mama kashaingia!

KHALFANI: Nani kakwambia?

RAUDHA: Nimekuona kwa macho yangu! Nimewaambia, wanasema mie mwanawe, lazima nimtetee. Umezichomeka nyuma yake, Khalfani. Ulimwona?

KHALFANI: Ngoja nifunge mkanda.

RAUDHA: Ulimwona?

KHALFANI: Alikuwa kainama.

RAUDHA: Ya Rabi! Si ungemwita?

KHALFANI: Mkuu angesikia. Kazi yenyewe ndio kwanza naanza, unataka nirudi kijiweni?

RAUDHA: Njoo useme. Neno moja tu, wanamwachia.

KHALFANI: Akakaange mihogo. Wenzake si wanakaanga?

RAUDHA: Kombe hizo hizo zimekusomesha mpaka fomu foo!

KHALFANI: Na nikafeli. Kwa hiyo hatudaiani.

RAUDHA: Haya, mwambie mwenyewe. Nakuweka spika.

KHALFANI: We, usini— Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, baba. Umekunywa chai?

KHALFANI: Nimekunywa.

MAMA: Nimeshawaambia nilizipita mwenyewe, sikuangalia. Usije ukajiharibia.

RAUDHA: Mama!

KHALFANI: Si umesikia? Mwenyewe kakubali. Ishu imeisha.

RAUDHA: We mtu gani? Wanataka kuzimwaga kombe zake baharini, wote tunakodolewa macho hapa, wanamsubiri sijui—

KHALFANI: Mie. Leo zamu yangu kumwaga. Mwambie asiing'ang'anie ndoo, mkuu atakuwa anaangalia.

MAMA: Ukitoka ufunge mlango vizuri, baba. Kuku wanaingia.

KHALFANI: Nafunga.

[Mlango unabamizwa.]