Kiptum Anajifunza Poka

Bilhah aligeuza uso kwenye mashamba ya chai, lakini masikio aliyaacha ndani ya gari. Kwenye kiti cha mbele, kijana Kiptum alikuwa akimweleza mama asiyemjua kwamba anajifunza poka, mchezo wa karata wa kamari, kwa simu, mashindano ya bei rahisi.

"Kazi ni kuvumilia, mama. Karata mbaya unatupa, unangoja nzuri."

"Umeshinda mara ngapi?"

"Bado natupa."

"Basi mume wangu ni bingwa. Anangoja kazi nzuri tangu anioe."

Bilhah alimeza kicheko. Gari likasimama kituo cha Kapkatet, walikopaswa kushuka wote wawili. Kiptum hakushuka; kwenye simu walibaki wachezaji watatu, naye alikuwa amepata wafalme wawili, karata nzuri aliyoingoja. Alipeleka kidole kwenye kitufe cha kuweka dau lote, akakirudisha.

Mama, mguu mmoja tayari nje, akarudi akaketi. "Weka yote, wewe! Unaogopa nini?"