Maji ya Mkono wa Christiane

Niinueni kidogo, mnitilie mto mwingine mgongoni, halafu mtulie, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimaliza kwa kumwambia mtu mzima akae. Jean-Luc, zima hiyo simu. Umetoka Lubumbashi kuja kumwona mama yako anakufa, basi mwone. Christiane, binti yangu, njoo hapa karibu na kichwa. Na weye Blaise, kitinda mimba wangu, kaa miguuni, hapo hapo ulipozoea kuikanda miguu hii iliyovimba. Daktari alisema moyo wangu umechoka, akashusha sauti kama anayetoa siri, na mimi nikamjibu kwamba uchovu huo niliujua kabla yake. Nitasema kile Kiswahili masista walichonifundisha nilipokuwa msichana, si cha sokoni, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakunielewa.

Nianze na mazishi, kwa sababu Jean-Luc amekwisha kuyapanga. Nimekusikia jana chini ya dirisha, mwanangu, ukiagiza mashada ya maua ya plastiki, maji ya sachet, vile vifuko vya plastiki, sahani za kutupa, na fulana zenye uso wangu, uso wa zamani, si huu. Ninajua ulikoitoa tabia hiyo. Babu yenu aliletwa huku kutoka Kasai kuchimba shaba, akafa hana hata kiti chake mwenyewe, lakini msiba wake ulizungumzwa Likasi mwaka mzima, na tangu hapo kila mtu wa ukoo huu anataka kuzikwa kama gavana. Mimi sitaki. Ua la plastiki halitaingia kwangu, maana sitaki kulala chini ya kitu kitakachobaki kizuri kunizidi. Watu wapewe chakula kwenye sahani za malewa yetu, hapo tunapouzia chakula, zikiisha wale kwenye majani ya migomba, wanywe kwa vikombe vinavyooshwa, na chakula kipikwe kwa makala yetu, yale makaa ya maranda, si kwa mti wa mtu. Jamaa watacheka, watasema Clémentine amezikwa kimaskini na mwanawe yuko ofisini. Wacheke, na weye Jean-Luc usimame mbele yao na hiyo suti yako uone haya mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Sasa malewa. Kila anayefanya kazi upande wa Shituru anaijua meza yangu, anajua kwamba kwa Mama Clémentine ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo havifungwi katika sachet, kwamba asiyekuja na bakuli lake anapewa jani, na asiyetaka jani aende akale kwingine na njaa yake. Mwanzoni walininunia, baadaye wakazoea, na siku hizi wanakuja na mabakuli yao wakijisifu kana kwamba wao ndio waliobuni. Maganda yanakwenda kwa nguruwe, majivu yanakwenda chooni, maji ya kusuuza vyombo yanakwenda kwenye matembele, na mvua inashuka kwa mabati mpaka kwenye birika la matofali pale uani. Maranda tunayaomba kwa maseremala, tunayachanganya na vumbi la makala na uji wa muhogo, tunayafinyanga na kuyaanika. Baba yenu, Stanislas, Mungu amrehemu, nilikuwa nikienda naye njia ya Mwadingusha kununua magunia ya makala, na msitu ulikuwa unatugusa mabega barabarani. Mara ya mwisho nilipopita niliona visiki na ng'ombe wawili waliokosa kivuli. Niliyafanya hayo yote na ninyi mkinicheka. Jean-Luc ndiye aliyeniita Maman Poubelle, Mama Jalala, mbele ya rafiki zake, na karo yake ya chuo ilikuwa imetoka kwa nguruwe waliokula yale maganda. Ulikula poubelle, mwanangu, ukanenepa.

Lakini kazi yenyewe niliitia mgongoni mwa Blaise. Yeye ndiye aliyefyatua matofali ya birika na kulijenga, yeye ndiye anayesomba maranda, anayegeuza mboji kwa mikono, anayefinyanga makala usiku na mchana mpaka vidole vimepasuka na havizibi. Rafiki zako, Blaise, walikwenda kwenye migodi, wakarudi na pikipiki, na mimi nikakukatalia. Msichana uliyempenda akachoka kukusubiri, na mimi nikakwambia mboji haigeuki yenyewe. Hukulalamika. Ukafika mahali ukaipenda kazi, na sasa wanakuita parokiani uwafundishe vijana jinsi ya kutunza mazingira nyumbani na kwenye biashara. Nilikuja siku moja nikakaa benchi la nyuma. Ukasimama pale na shati lako jeupe ukasema, "Mama ndiye alinifundisha kupenda dunia." Watu wakapiga makofi, wakanigeukia, na mimi nikainamisha kichwa wakadhani ninaona haya.

Sikukufundisha kupenda dunia, Blaise. Nilikuwa ninakuadhibu.

Keti. Nimesema keti. Christiane, ushike mkono wangu huu, uushike sana, maana linalofuata ni lako. Mnakumbuka ule mwaka mabomba yalipokauka mtaa mzima, na watu wakawa wanashindana kutafuta vyombo vya kuwekea maji. Blaise akaja akiviringisha pipa la buluu kutoka kwa wale wanaouza mapipa matupu ya viwandani, ana furaha kama aliyeleta mke. Akaniambia, "Mama, angaria hii pipa, iko muzuri, tena bei chini. Tunaisafisha tu na omo." Wote tulikuwa tunanunua mapipa yale, sikatai, nusu ya Likasi ilikunywa humo. Ila pipa lako wewe lilikuwa na alama, Blaise. Lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa, na ukaikwangua kwa kisu kabla ya kuliingiza uani, kwa sababu ulijua nikiiona nitalikataa. Mabaki ya ile karatasi niliyakuta baadaye nyuma ya choo, na kisu chako kikiwa bado na gundi. Ukalisugua kwa omo na majivu, ukalijaza maji, ukaenda kucheza mpira. Asubuhi yake Sephora akaamka na kiu, mtoto wa Christiane, mjukuu wangu wa kwanza, akachota kwa kikombe chake kidogo kabla mtu mwingine hajaamka.

Alipokufa, hospitali walisema ni tumbo. Lile pipa nililitoboa kwa msumari mwenyewe, asije mtu mwingine akalitekea maji, nikawaambia limepasuka. Mitaani walisema ni uchawi, na weye Christiane ukachukua lile la mitaani. Ulisimama mbele ya mlango wa mama mkwe wako ukapiga kelele, "Ni ule mama, iko mulozi, alikula mutoto yangu!" Watu wa mtaa wakamtupia vitu vyake njiani yule mzee, na Guy mume wako akachagua mama yake, akaondoka. Nami nilikuwa nyuma yako nimekushika kiuno usianguke, na nilikuwa ninajua. Sikusema. Yule mwanamke alikuwa na mdomo mbaya, hakuwahi kuipenda sombe yangu, nikaona acha aubebe yeye huo mzigo kuliko mwanangu.

Usiuvute mkono. Ninajua unauma. Jean-Luc, simama mlangoni, mtu asitoke.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ningesema, wale ndugu za Guy wangemburuta Blaise mpaka Buluo, akaoze gerezani humo, na mimi ningekuwa nimempoteza mjukuu na mtoto kwa kikombe kimoja. Nikasema moyoni, hapana, gereza lake nitalijenga mwenyewe hapa uani, na atalijenga kwa mikono yake. Kila tofali la lile birika lilikuwa kwa ajili ya Sephora. Kila chombo cha plastiki nilichokifukuza katika nyumba hii kilikuwa ni pipa lile. Watu wakafikiri mama amesikia mahubiri, amekuwa mtu wa mazingira, na kumbe nilikuwa mtu wa hasira tu. Nilikupenda, Blaise, nilikupenda kuliko hawa wawili na wanajua, na ulipokuwa unalala mchovu nilikuwa ninakutazama ninasema vizuri, kesho tena. Halafu jambo la ajabu, ile kazi ikawa njema. Matumbo ya watoto wa mtaa yakapona, malewa ikajaa watu, ardhi ya uani ikawa nyeusi inaotesha chochote. Hilo silo nililolitafuta, lakini limekuja, na sitaki life nami.

Na lingekufa. Christiane, ulimwambia jirani juzi, ukidhani nimelala, kwamba mama akienda utapumzika na mambo yake, utanunua sachet, utanunua mapipa ya kuweka maji mlangoni mwa malewa kama wenzako wote. Mapipa! Ndipo nikajua kwamba nikifa na siri hii, utalikaribisha nyumbani pipa lile lile lililomchukua mwanao. Kwa hiyo nimekwambia. Sikukwambia ili ulie, ingawa lia.

Sikilizeni sasa, maana sauti inakwisha. Nguruwe ni wa Jean-Luc, wote, na banda lao, awatunze au awauze, wao hawatajali suti. Malewa, na meza, na majiko, na jina langu pale mlangoni, ninampa Blaise. Nyumba hii na uani wake wote, pamoja na lile birika, ninampa Christiane. Malewa haina maji ila ya birika, na nyumba haina chakula ila cha malewa. Kila asubuhi Blaise atakuja na ndoo kuomba maji kwa dada yake, na dada yake ataamua. Mkishindwa, mkienda kwa wazee wa ukoo au kwa wakili, basi vyote viwe vya parokia, na katekista Rolly, aliyekaa sebuleni, amenisikia nikilisema hili nikiwa na akili timamu. Na weye Christiane, nikishafukiwa, kabla hujavua nguo ya msiba, nenda kwa mama yake Guy, upige magoti. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Akikutukana, mwache akutukane.

Baraka. Kwetu mzazi anayeondoka hutia maji kinywani akawapulizia watoto. Kinywa changu kimekauka, hakiwezi. Christiane, pale mezani kuna mtungi na kikombe, maji ni ya birika, yametekwa leo. Mtilie ndugu yako Blaise. Si Jean-Luc amtilie, la, weye, kwa mkono wako. Hiyo ndiyo baraka niliyo nayo, sina nyingine, anayemtilia amebarikiwa na anayekunywa amebarikiwa, na birika lisikauke, na mabakuli yasipungue mlangoni, na mtoto yeyote atakayezaliwa humu anywe asubuhi bila mtu kumkimbilia.

Taa imezimika, au ni macho yangu. Nasikia maji yanamiminika. Christiane, ni weye? Blaise, pokea. Pokea, baba, usiogope dada yako. Jean-Luc, niambie weye, miye sioni tena. Alimupa? Alikunywa? Mutoto yangu… alikunywa?