Hema Moja na Mkwe

Pale Rusumo, kandokando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa fundi pikipiki. Wenyewe wanaliita Baraza la Usalama, ingawa usalama wenyewe haupo, maana ukiondoka tu wanakusema. Kahawa ni ya Wema, dada asiyependa kelele lakini riziki yake imo ndani ya kelele hizohizo. Wakaaji ni walewale. Kuna Sostenes, aitwaye Profesa kwa kuwa husoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Kuna Marcel Kiliaransi, aliyewahi kutoa mizigo mpakani na hadi leo anaona kila kitu duniani kinapita forodhani. Na kuna Kazimili, Msukuma wa Biharamulo aliyeleta ng'ombe mnadani mwaka juzi akasahau kurudi. Yeye wanamwita Zizi. Asubuhi moja walimkuta mwenzao Juvenali, Mhangaza wa hapohapo, kawatangulia, kakaa ukingoni mwa benchi na mabuti mapya miguuni, uso umemshuka kama mtu aliyefumaniwa.

— Mabuti hayo ya vita gani, mzee mwenzangu? akauliza Marcel.

— Ya kuwindia. Kayatuma mkwe wangu, Habimana.

Habimana wote walimjua. Alikulia kambi ya wakimbizi hapahapa Ngara, akachukuliwa Kanada akiwa kijana, akarudi kumwoa Restituta, binti wa Juvenali. Sasa kamwalika baba mkwe wake wakawinde musi.

— Musi ndiyo nini? akauliza Zizi.

— Mnyama. Mrefu kuliko ng'ombe wako yeyote, pembe zimetanuka kama mabeleshi. Ndege ndogo inatuacha ziwani, katikati ya msitu. Wiki nzima, mimi na yeye tu.

— Viza?

— Ipo.

— Sasa mbona umenuna kama umenyimwa?

Juvenali akatazama huku na huku, akashusha sauti.

— Hema ni moja.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Juvenali alilelewa kwamba mkwe hamwoni baba mkwe akivua hata shati, wala hawalali chumba kimoja hata mvua ikiezua paa. Na yeye ni mtu mzima, usiku anaamka kwenda haja, tena anakoroma. Akifikiria kubadilisha suruali mbele ya yule kijana, masikio yalimwaka moto. Na Restituta angepiga simu asubuhi hiyohiyo kuchukua jibu, kwa sababu ndege ile inawekwa nafasi mapema.

— Pazia, akasema Profesa. Mnatundika blanketi katikati. Hospitali wanafanya hivyo na watu wanajifungua.

— Na kukoroma kunazuiwa na blanketi?

— Basi mlale kwa zamu. Yeye usiku, wewe mchana.

— Na kuwinda tutawinda saa ngapi, Profesa?

Zizi akasogeza kikombe.

— Mimi nakwambia, musi wa kwanza akianguka, mchune, uingie ndani ya ngozi, ulale nje. Mimi nimelala katikati ya ng'ombe wawili, sijawahi kukohoa.

— Kule kuna theluji, Zizi! Na dubu!

— Dubu akikuta ngozi ya musi atajuaje kama kuna Mhangaza ndani?

Wakacheka, isipokuwa Juvenali. Marcel akanyanyua kidole.

— Nyote hamjui taratibu. Ukwe unapita kama mzigo wa transiti, ule usiofunguliwa njiani. Mnaufunga lakiri uwanja wa ndege, msituni mnakuwa watu baki tu, mkirudi mnaufungua mbele ya Restituta. Hakuna sheria iliyovunjwa.

— Na nitakachokuwa nimekiona?

— Hicho hakikuandikishwa.

Mwishowe wakakubaliana juu ya uongo, maana uongo ulikuwa mwepesi kuliko pazia. Angesema mgongo umemkamata. Juvenali akajaribu kushika kiuno, Profesa akamsahihisha ashike chini zaidi.

Dereva mmoja wa lori, mgeni pale, alikuwa amesimama muda wote akinywa kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Huyo kijana, kwa nini haendi na baba yake?

Profesa akamtazama Marcel. Marcel akamtazama Zizi. Wote watatu wakamgeukia Juvenali, naye akayainamia mabuti yake.

Siku ya posa alikuja mjomba wa Habimana. Juvenali aliuliza ukoo, akajibiwa. Akauliza ng'ombe, wakaonyeshwa. Kuhusu baba hakuuliza, na miaka yote ile hakuuliza tena. Kijana yule yeye aliuliza mpaka namba ya kiatu cha baba mkwe. Mabuti yalimkaa barabara. Aibu ya hema ikamtoka, ikaingia nyingine iliyokuwa nzito zaidi, na hii haikuwa ya kuzuiwa na blanketi.

Simu ikalia.

— Mgongo! akanong'ona Marcel. Anza na mgongo!

— Restituta, mwanangu, mpe mumeo simu.

Wakasubiri.

— Shikamoo, baba, ikasema sauti ya Habimana.

Neno hilo la baba alikuwa akiliitikia kila mara, akidhani ni adabu tu.

— Marahaba. Mwanangu... baba yako aliitwa nani?

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa, kama mtu aliyejitenga kwanza.

— Sikumbuki hata sura yake, baba. Nilikuwa mdogo. Lakini aliitwa Nshoma, na mjomba anasema alikuwa mwindaji.

Wema alikuja na birika, akaziona nyuso zao, akarudi nalo. Juvenali alibana simu kwa bega, akainama, akaanza kufunga kamba za mabuti.

— Mimi nakoroma, Habimana, akasema. Nakuambia mapema.