Tundu la Kiyoyozi cha Baba

ESHA: Haloo? Haloo, ni nani?

NASSIR: Assalaam alaykum! Ni mimi, bibi we. Ndugu yako humjui tena?

ESHA: Waalaykumu salaam— Kaka Nassir! Shikamoo. Imeingia namba ndefu ndefu, sikuitambua.

NASSIR: Marahaba. Ni kadi mpya ya simu, ile ya zamani imekwisha. Haya, niambie. Imewaka?

ESHA: Nini?

NASSIR: Ati nini! AC, Esha. Mashine nimeitoa Doha mpaka Munje, nimeipandisha meli, nimeiteremsha Mombasa, wewe waniuliza nini? Jana fundi Hesbon kaniahidi leo kabla ya adhuhuri Baba atakuwa kwenye baridi.

ESHA: Haijawaka, kaka.

NASSIR: Haijawaka kwa nini? [Mkwaruzo.] Ah, mtandao huu! Esha? Wanisikia?

ESHA: Nakusikia. Wewe uko wapi?

NASSIR: Kazini, niko wapi tena. Juu ya paa. Twafunga mashine za hoteli moja hapa. Nimejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji, navuta pumzi kidogo. Jua la huku usiseme.

ESHA: Paa la ghorofa?

NASSIR: La ghorofa, ndiyo. Ukichungulia chini, magari kama viberiti.

ESHA: Shuka, kaka.

NASSIR: Nishuke niende wapi?

ESHA: Shuka tu. Tuzungumze ukiwa chini.

NASSIR: Lo! Tangu lini ukaogopa mapaa, na ndiyo yaliyokulisha? Hebu niache. Baba yu vipi?

ESHA: Amepumzika.

NASSIR: Alhamdulillahi! Mwacheni apumzike, maskini. Jana alipozungumza nami alikuwa ahema, neno moja, pumzi tatu. Akaniambia, "Nassir, hili joto litanimaliza kabla ya maradhi." Maneno hayo hayajanitoka mpaka sasa. Ndiyo maana nataka iwake leo, Esha. Leo, si kesho.

ESHA: Mwinga yuko hapo nawe?

NASSIR: Mwinga yupi? Huyu wetu wa Kinango?

ESHA: Huyo huyo.

NASSIR: Yuko jengo jingine, ng'ambo ya barabara. Wamtakia nini Mwinga?

ESHA: Nauliza tu. Mwite mkae pamoja.

NASSIR: Mwinga nalala naye chumba kimoja, akikoroma mpaka madirisha yatetemeka, nimwite tena saa za kazi nimtazame? Mpe Hesbon simu.

ESHA: Hesbon yuko nje.

NASSIR: Nje afanya nini?

ESHA: Amekaa. Amevua kofia, amekaa na wanaume.

NASSIR: Fundi amekaa! Ndio hawa mafundi wa Ukunda, ukiwapa mgongo tu washatafuta kivuli. Basi sikiliza wewe, ukamwambie. Jana iliwashinda nini?

ESHA: Ilikataa kuingia. Tundu lilikuwa dogo.

NASSIR: Kwa sababu alipima sanduku peke yake! Mwambie fremu iingie kwanza. Ile fremu ya chuma, ilikuja kando kwenye boksi lake. Inakaa ukutani, inashikwa na simenti, ikishakauka ndipo mashine inasukumwa ndani. Mashine yenyewe kila kitu kimo humo humo, hakuna cha kutundika nje, hakuna mipira, hakuna nini. Ni kuipachika na kuwasha. Ila fremu iinamie nje, unene wa kidole hivi, ili maji yatokee nje, yasimdondokee Baba. Umesikia?

ESHA: Nimesikia.

NASSIR: Rudia.

ESHA: Kaka—

NASSIR: Rudia, Esha, nisije nikapiga kesho nikaambiwa jingine.

ESHA: Fremu kwanza. Iinamie nje. Maji yasi— Maji yasimdondokee Baba.

NASSIR: Mbona walia?

ESHA: Silii. Vumbi.

NASSIR: Vumbi la nini, na fundi amekaa?

ESHA: La jana. Limejaa nyumba nzima.

NASSIR: Mmemfunika Baba? Vumbi la mawe baya kwa kile kifua chake.

ESHA: Tumemfunika.

NASSIR: Kwa shuka safi, si lile blanketi linalomwasha.

ESHA: Shuka safi, kaka. Jeupe. Shangazi Mwanapili amelitoa sandukuni kwake.

NASSIR: Shangazi yuko hapo? Kumbe nyumba imejaa. Na hizo kelele je? Nasikia kama viti vyaburutwa.

ESHA: Ni viti.

NASSIR: Vya nani?

ESHA: Vya jirani. Watu wamekuja, kaka.

NASSIR: [Anacheka.] Wamekuja kuitazama AC! Ai, watu wetu! Mashine moja tu, kijiji kizima kimehamia kwetu. Waambie haitoi ubani, yatoa baridi tu. Na wasikae mlangoni, chumba hakitapoa mlango ukiwa wazi.

ESHA: Nitawaambia.

NASSIR: Sasa, kitanda. Hewa isimpige usoni moja kwa moja, itamletea kikohozi. Tundu liko ukuta wa upande wa bahari, siyo? Na kitanda kiko pale pale penye mlango.

ESHA: Tumekigeuza.

NASSIR: Mmekigeuza? Nani kawaambia?

ESHA: Ami Abubakar.

NASSIR: Kimekaaje sasa?

ESHA: Kichwa upande wa bahari. Amelazwa kwa ubavu wa kulia.

NASSIR: Ubavu wa kulia, atazama wapi?

ESHA: Kibla.

[Upepo wapiga kwenye simu.]

NASSIR: Basi... basi hewa itampiga utosini. Si vibaya. Utosini si vibaya, mradi tu amefunikwa. Wazee wakilala hivyo wapata usingizi mzuri. Ami naye ana haraka siku zote. Mgonjwa akikohoa tu, yeye ageuza kitanda. Marehemu Mama naye Ami alimgeuza, Mama akainuka akaishi mwaka mzima! Si ndiyo?

ESHA: Ndiyo, kaka.

NASSIR: Si ndiyo, Esha?

ESHA: Ndiyo. Mama aliinuka.

NASSIR: Ehe. Mwamshe basi kidogo nimsalimie. Mwekee simu sikioni, nimwambie tu kwamba inawaka leo.

ESHA: Siwezi kumwamsha.

NASSIR: Dakika moja.

ESHA: Kaka, shuka kwenye hilo paa. Nakuomba. Kwa haki ya maziwa ya Mama, shuka.

NASSIR: Wewe una nini leo? Paa, paa! Unanificha kitu?

ESHA: Sina cha—

NASSIR: Baba hajambo?

ESHA: Nimekwambia amepumzika.

NASSIR: Apa.

ESHA: Usiniapishe, kaka.

NASSIR: Sema wallahi, Baba hajambo. Neno moja tu, nami nitaamini, nitarudi kazini.

ESHA: Usiniapishe, Nassir! Mimi nimewekwa hapa na simu, naambiwa sema hivi, usiseme vile, nami siwezi! Siwezi! Na wewe uko juu huko kama ndege!

[Mkwaruzo.]

NASSIR: Esha. Mimi nawatia baridi watu nisiowajua hata majina. Yuko mmoja hapa, chumba chake cha mbwa nimekifungia AC. Cha mbwa, Esha! Naye Baba apepewa kwa kipande cha boksi. Nikasema mwaka huu, liwe liwalo, Baba naye atalala kama wenye nazo. Nikifumba macho nauona ule ukuta, nakiona kitanda, najua hata msumari utaingia wapi. Lakini mkono wangu haufiki. Haufiki kabisa. Sasa nisaidie wewe. Mwite Hesbon. Nitamwomba. Sitamgombeza.

ESHA: Hesbon hatatoboa leo.

NASSIR: Kwa nini?

ESHA: Ameniambia, "Dada, mimi siwezi kupiga nyundo saa hii." Ameweka tindo lake chini, hajaligusa tangu asubuhi.

NASSIR: Huyo mliye naye ni fundi au— Ngoja. Ngoja kidogo.

ESHA: Nini?

NASSIR: Mwinga huyu hapa. Anapanda ngazi. We Mwinga! Nani kakuita? Vipi, kazi umemwachia nani? [Mkwaruzo.] Esha, Mwinga amekuja.

ESHA: Mwache aje.

NASSIR: Hasemi. Nazungumza naye, hasemi. Amenishika mkono. Amenitoa spana mkononi, ameiweka kando.

ESHA: Kaa chini, kaka. Ukae naye.

NASSIR: Nimekaa.

ESHA: Mko mbali na ukingo?

NASSIR: Mbali. Amekaa yeye upande wa ukingo.

ESHA: Mungu amlipe.

NASSIR: Esha.

ESHA: Naam, kaka.

NASSIR: Lile shuka la Shangazi.

ESHA: Naam.

NASSIR: Mmemfunika mpaka wapi?

[Kwa mbali, sauti za watu wakisoma Kurani.]

ESHA: Mpaka kichwani.

NASSIR: Inna lillahi...

ESHA: Wa inna ilayhi raajiun. Ni baada ya sala ya alfajiri, kaka. Ami alitukataza. Alisema mtu haambiwi msiba peke yake, apatiwe kwanza wa kukaa naye. Akampigia Mwinga. Nawe ukapiga kabla Mwinga hajafika, simu ikiwa mkononi mwangu. Nisamehe.

NASSIR: Nami nakueleza unene wa kidole.

ESHA: Hukujua.

NASSIR: Nakwambia rudia. Nawe warudia.

ESHA: Ningefanyaje, kaka? Uko juu ya paa.

NASSIR: Mwazika lini?

ESHA: Baada ya alasiri, inshallah.

NASSIR: Ningojeni.

ESHA: Utafikaje?

NASSIR: Pasi yangu ya kusafiria anayo tajiri wangu wa kazi, kaifungia kwake. Hata nikiruka saa hii— Sifiki. Mzikeni. Wala msimweke kwa ajili yangu, na hili joto.

ESHA: Ami atashuka kaburini kwa niaba yako.

NASSIR: Amekufa na joto, Esha? Nambie kweli. Hili usinifiche.

ESHA: La, kaka.

NASSIR: Usinifurahishe.

ESHA: Wallahi, la. Hii naapa. Jana jioni, mashine ilipokataa kuingia, Hesbon alitaka kuliziba tundu kwa gunia mpaka leo. Baba akainua mkono, akamkataza. Upepo wa bahari ulikuwa waingia moja kwa moja, mpaka chandarua kilikuwa chainuka. Akalala kama hajalala mwezi mzima. Alipoamka akaniuliza, "Ndiyo mashine ya Nassir hii?"

NASSIR: Ukamwambia nini?

ESHA: Nikamwambia ndiyo.

NASSIR: Akasema nini?

ESHA: Akasema, "Mashine nzuri. Haina hata kelele."

[Nassir analia. Mlio wa kadi: pi, pi, pi.]

NASSIR: Kadi yakatika, Esha. Lile tundu— mwambie Hesbon—

ESHA: Nimwambie nini? Kaka?

NASSIR: Asilizi—

ESHA: Haloo? Kaka Nassir? Haloo?