Jina la Lias Lisikike

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu iliyokuwa ikivuka mabonde ya Mani sasa haifiki mlangoni. Panagos, mwanangu mkubwa, nyumba hii ya mnara na birika la maji ya mvua ni vyako. Stavriani, mizeituni ya chini ni yako, na kaka yako akianza habari za mwanamke kutorithi, mwambie mama alisema ufunge mdomo. Usicheke, Panagos. Sijamaliza.

Kila kijiji kilichofiwa kiliniita nikaomboleze, wakasema mimi, Ligeri, ni ksakusti. Neno hilo la watu maarufu sisi Wagiriki tumelitoa kwenye kusikia. Mtu huitwa hivyo kwa kuwa kinywa kimemtaja, sikio likapokea, likampitisha kwa wengine. Ndiyo maana wafu wetu tunawaimba kwa majina yao na waliyoyatenda.

Panagos, mdogo wako Lias alikataa kumpiga risasi muuaji wa ami yenu. Baba yenu akamfukuza, akaapa jina lake lisitajwe chini ya paa hili. Kijana akafia mgodini Australia. Baharia alipoleta habari, mimi niliyewaimbia watoto wa wenzangu nilikuwa nakanda unga, nikaendelea kukanda. Jioni baba yenu akauliza, "Mbona mkate una chumvi hivi?" Nikamjibu, "Mkono umeteleza."

Sasa sikilizeni. Mnajua kwetu mwombolezaji anaruhusiwa kumwacha maiti aliye mbele yake akamwimbia marehemu mwingine. Mkishanilaza, Stavriani, niache mimi, mgeukie Lias. Taja kovu la kidevuni. Taja alivyoogopa radi, na yule mbuzi kilema aliyembeba kutoka mlimani, tukamcheka. Sema alikataa kuua. Paza sauti, wanaume walioko uani wasikie, wakalipeleke jina kwao.

Unasema baba aliapa, Panagos. Aliapa yeye, na tumeshamzika. Nilimwimbia mpaka alfajiri, hakuna nililobakiza. Wewe simama mlangoni, dada yako asinyamazishwe na mtu, hata nawe.

Mungu awape watoto wa kuwataja. Awape... ngojeni, nipumue.

Nipe mkono. Hiyo "ndiyo" yako siitaki, Panagos. Sema jina lake. Nimeona midomo, sauti sijaipata.

Sema tena, baba. Karibu na sikio.